Wageni wa Kilimanjaro na Wenyeji Wao

Katika kitabu hiki cha yubile wengine wameandika habari za parokia, za shule, na za mapadre wa kwanza. Mimi nimeombwa kuandika habari za jambo lingine ambalo limekaa pamoja nasi karibu tangu siku zile zile, walakini si watu wengi walioliandika kwa lugha yetu: yaani habari za wageni wajao kuutazama mlima wetu, na za watu waliowapokea. Kila mwaka watu karibu 50,000 kutoka pande zote za dunia huja kuupanda Kilimanjaro. Na wengine wasiopanda huja kutazama maporomoko ya maji, mapango ya kale, makanisa ya kwanza na mashamba ya kahawa. Vijana wetu wengi hula kwa kazi hiyo. Basi yafaa tujue ilianzaje, tena tujue nani alikuwa mwenyeji. Kwa maana katika miaka hii 170 na zaidi wageni wamekuwa ni wageni tu, bali mwenyeji wa mlima amebadilika mara nyingi.

Wazee hupenda kusimulia kwamba Kibo na Mawenzi walikuwa majirani. Siku moja moto wa Mawenzi ulizimika, akaenda kwa Kibo kuomba kaa la moto. Akamkuta Kibo anatwanga ndizi kavu katika kinu. Kibo akampa moto, akampa na ndizi za kula njiani. Mawenzi akaziona tamu mno. Alipofika mbali kidogo akauzima moto kwa makusudi, akarudi kuomba tena, akapewa tena. Mara ya tatu Kibo akakasirika, akaushika mchi, akampiga nao kichwani na mgongoni. Ndiyo sababu Mawenzi hata leo amechongoka-chongoka, na Kibo ana kichwa cha mviringo. Hadithi hii ni ya watoto, lakini ndani yake imo sheria ya ugeni ya Wachaga: mgeni hupewa moto na chakula pasipo kuulizwa bei, illa mgeni mwenye hila naye ana mchi wake.

Mgeni wa jirani alipewa mbege na mahali pa kulala. Mgeni wa mbali alikuwa na taratibu zaidi, maana hakujulikana ameleta nini, heri au shari. Alichinjiwa mnyama, na kipande cha ngozi yake kikavikwa kidoleni mwa mgeni mfano wa pete, iwe alama ya kwamba yeye na wenyeji hawatadhuriana. Tena alipaswa kutoa zawadi kwa Mangi wa nchi: nguo, shanga, nyaya. Watu wa pwani waliiita hongo. Wazungu wengi katika vitabu vyao wameilaumu sana hongo hiyo, wakaiita unyang'anyi na uombaji. Mimi sioni hivyo, isipokuwa kwa Wamangi wawili watatu waliopita kiasi, ambao nitawataja. Nchi ilikuwa na mwenyewe, njia ilikuwa na mlinzi, na mgeni alipewa chakula, viongozi na ulinzi. Mtu afikaye leo kwenye lango la Marangu hulipa ada kabla hajaingia msituni, wala hapana amwitaye mpokeaji mnyang'anyi.

Mzungu wa kwanza kuiandika habari ya theluji ya mlima wetu alikuwa Johannes Rebmann, Mjerumani aliyetumwa na chama cha misheni cha Kiingereza, CMS, aliyekaa Rabai karibu na Mombasa. Aliondoka huko mwishoni mwa Aprili 1848 pamoja na wapagazi wachache, na kiongozi wake alikuwa Bwana Kheri, Mswahili aliyezoea njia za misafara. Asubuhi ya tarehe 11 Mei aliona juu ya mlima kitu cheupe kama wingu linalong'aa. Akamwuliza kiongozi wake ni nini kile. Bwana Kheri hakuwa na neno la theluji, kwa kuwa pwani haipo. Akajibu, ni baridi. Na katika neno hilo moja Rebmann akafahamu. Mimi kila nisomapo habari hiyo hufikiri kwamba jibu lile lilikuwa sahihi kuliko majibu ya wataalamu wengi waliofuata. Maana habari zake zilipochapwa Uingereza mwaka 1849, Bwana Cooley wa London, mtu ambaye hakupata kukanyaga Afrika Mashariki, alishindana naye kwa miaka mingi akisema theluji haiwezi kuwako karibu na ikweta.

Rebmann alipokewa Kilema na Mangi Masaki. Baadaye mwaka ule ule alifika Machame kwa Mangi Mamkinga, akasimuliwa kwamba hapo zamani Mangi mmoja wa huko aliwatuma watu wapande juu wakachukue kile kitu cheupe, akidhani labda ni fedha. Walikufa kwa baridi, akarudi mmoja tu, mikono yake na miguu imeharibika. Kwa hiyo yule asemaye kwamba wenyeji hawakuwahi kuujua mlima wao, asingoje jibu kwangu, amsome Rebmann. Wenyeji waliijua theluji, wakailipia, wakaona haina faida, wakarudi kwenye migomba yao.

Katika safari ya tatu, mwaka 1849, Mamkinga alimnyang'anya Rebmann karibu mali yote aliyoichukua kwa safari ya kwenda mbele mpaka Unyamwezi. Hapo mwenyeji alivunja sheria yake mwenyewe, nami simtetei. Vivyo hivyo alifanya Mangi Rindi wa Moshi, ambaye wageni walimwita Mandara, kwa Bwana Charles New, mmisionari wa Kimethodisti wa Ribe. New alikuja mwaka 1871, na Rindi akamsaidia. Akapanda akapita msitu na nchi ya majani makavu hata akaigusa theluji kwa mkono, na hakuna Mzungu aliyemtangulia kufika hapo. Kabla yake Baron von der Decken alikuwa amejaribu mwaka 1861, na tena 1862 pamoja na Otto Kersten, wakafika kadiri ya mita 4,200, wakageuka. Lakini New aliporudi mara ya pili Rindi alimpokonya vitu vyake, akaondoka maskini na mgonjwa. Akafa mwaka 1875 katika safari hiyo hiyo, asiuone mlima tena.

Nimesema hayo ili msomaji asidhani nataka kuwafanya wazee wetu malaika. Lakini aangalie pia kwamba siku zile kila mgeni alijua kwamba Kilimanjaro kina wenyewe. Alipaswa kuketi barazani, kungoja siku nyingi, kunywa alichopewa, na kuomba ruhusa. Desturi hiyo ilikwisha upesi kuliko mtu awezavyo kudhani, na aliyesimama katikati ya desturi ya zamani na ya sasa ni Bwana Hans Meyer wa Leipzig.

Meyer alikuja mara tatu. Mwaka 1887 alizuiwa na barafu. Mwaka 1888 hakufika hata mlimani, maana vita vya Abushiri vilikuwa vimewaka pwani, naye pamoja na mwenzake Oscar Baumann wakafungwa minyororo mpaka walipokombolewa kwa fedha. Mwaka 1889 alikuja pamoja na Ludwig Purtscheller, mpanda milima hodari wa Austria. Mangi Mareale wa Marangu akawapokea vizuri, akawapa chakula na watu. Mpango wa Meyer ulikuwa wa akili: aliweka kambi chini, na kambi nyingine juu, na wapagazi wakapanda na kushuka kila baada ya siku chache wakiwaletea chakula, ili wasilazimike kurudi kwa njaa kama wale wa kwanza. Katika kambi ya juu alibaki nao mtu mmoja wa Pangani, Mwini Amani, akiwapikia na kulinda hema katika baridi ambayo kwao Pangani haipo hata kwa ndoto. Tarehe 3 Oktoba wakafika ukingoni mwa kreta, wakarudi. Tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama juu kabisa. Meyer akasimika bendera, akakiita kilele kile kwa jina la Kaisari Wilhelm.

Kisha akaokota jiwe. Jiwe lile alilichukua mpaka Ujerumani, akalikata, kipande kimoja akampa Kaisari, kikatiwa katika ukuta wa ukumbi wa jumba lake la Potsdam, pamoja na mawe mengine na makombe ya bahari; kipande kingine akabaki nacho nyumbani kwake. Jambo dogo, mtu atasema. Mlima hauishi kwa jiwe moja. Ni kweli. Lakini wageni wote waliotangulia walileta kitu kwa Mangi kabla ya kupanda, na kilele hawakukipewa jina. Huyu ndiye wa kwanza aliyeshuka na kitu mkononi na kuacha jina juu.

Kwa habari ya waliomwongoza, Marangu hutajwa zaidi Yohani Kinyala Lauwo. Yeye mwenyewe alisimulia katika uzee wake kwamba Mangi Mareale alimchagua angali kijana kwa sababu watu wa ukoo wake walikuwa wawindaji walioijua misitu. Wataalamu wengine hubishana juu ya safari ipi hasa aliyokwenda. Sitaingia katika ubishi huo. Lililo hakika ni kwamba aliifanya kazi ya kuongoza wageni kwa miaka mingi sana, na kwamba mwaka 1989, katika sherehe ya miaka 100 ya kufika kileleni, ndipo nchi ilipomkumbuka, akajengewa nyumba. Alifariki mwaka 1996, ikisemwa kwamba amepita miaka 120. Tarehe ya kuzaliwa kwake haikuandikwa popote. Jina la Meyer liliandikwa katika ramani tangu mwanzo.

Baada ya 1889 mambo yalikwenda mbio. Ujerumani ilishika nchi. Mangi Meli wa Moshi, mwana wa Rindi, alipigana nayo, akashinda kwanza, kisha akashindwa; na tarehe 2 Machi 1900 akanyongwa pamoja na wakuu wengine, jumla watu 19, juu ya mti ulioko Old Moshi. Tangu siku hizo hapakuwa na hongo tena. Mgeni alikwenda bomani kwa Serikali, si barazani kwa Mangi. Naye Mangi akaamriwa kutoa wapagazi. Ndiyo mara ya kwanza mwenyeji kubadilika. Hata mwaka 1912 kulikuwa na vibanda viwili vya wapanda mlima juu ya njia ya Marangu, kimoja chenye jina la Bismarck na kimoja chenye jina la Peters. Leo vinaitwa Mandara na Horombo, kwa majina ya Wamangi wa kale, katika kimo cha kama mita 2,700 na 3,700. Kibanda cha Kibo kikafuata mwaka 1932, kama mita 1,000 juu yake.

Misheni nayo ilikuwa na sehemu yake. Mapadre wa Roho Mtakatifu walifika Kilema mwaka 1890, akiwamo Padre Le Roy, aliyekuja kuwa askofu, ambaye aliandika kitabu kizuri juu ya safari ile. Mangi Fumba akawapa kiwanja. Wakapanda kahawa ya namna ya Bourbon, iliyopitia Bagamoyo, nayo ikapendezwa na udongo wa mlima. Upande wa Walutheri Pasta Richard Reusch alipanda Kibo zaidi ya mara 60. Mwaka 1926 alimwona chui aliyekufa kwa baridi ukingoni mwa kreta, na shimo la ndani la kreta ile linaitwa kwa jina lake. Watu wazee wa Marangu walikuwa wakisimulia kwamba alipanda kama mtu aendaye sokoni. Na mashamba ya walowezi yakaanza kulaza wageni: hoteli moja kongwe ya Marangu ilikuwa kwanza shamba la kahawa, na watu waliokuja kupanda mlima wakapewa chumba, wakapewa maziwa na mkate, wakapewa viongozi wa kijijini. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba kumtembeza mgeni shambani ni jambo jipya lililoletwa juzi. Tofauti ni kwamba shamba lile lilikuwa la mlowezi, na Mchaga alikuwa mbeba mizigo.

Wachaga wenyewe wakati ule walikuwa na shughuli nyingine. Kahawa ya misheni iliingia vihambani mwao, chini ya migomba. Walowezi hawakupenda. Mwaka 1925 wakulima wakaanzisha chama chao, KNPA, kilichoongozwa na Joseph Merinyo, na baada yake kikaja KNCU katika miaka ya 1930. Nyumba za bati, shule na karo za watoto zimetoka katika buni hizo. Mimi mwenyewe nilisomeshwa na miti kadiri ya 300 ya babu yangu.

Ardhi ikawa haba. Juu yetu ulikuwa msitu wa Serikali, uliotengwa rasmi mwaka 1921, na watu walihitaji kuni, majani ya ng'ombe, na miti ya kujengea. Ndipo mwaka 1941 ukatengwa ukanda wa upana wa nusu maili ukingoni mwa msitu, wenyeji wapate mahitaji hayo kwa utaratibu. Hata leo mama zetu huuita nusu maili. Msomaji aliweke jina hilo akilini; nitalirudia.

Usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961 Luteni Alexander Nyirenda aliweka Mwenge na bendera ya Tanganyika juu ya kilele, na jina la Kaisari likaondoka, kikawa Uhuru. Mwaka 1973 sehemu ya juu ikafanywa hifadhi ya taifa, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977, na mwaka 1987 UNESCO ikaiandika katika urithi wa dunia. Hayo ni mambo ya heshima, wala sitaki kuyapunguza. Fedha za lango la Kilimanjaro zimelisha hifadhi nyingine nyingi za nchi ambazo hazina wageni wa kutosha. Mwaka 2005 msitu wote ukaunganishwa na hifadhi, na nusu maili ikawa chini ya ulinzi wake. Sababu zilikuwa za kweli: miti ilikatwa usiku, mkaa ulichomwa, na vyanzo vya maji vilikuwa hatarini. Walakini tangu siku hizo mama aliyekuwa akienda kukata majani bila woga, sasa hwenda kwa siku zilizoruhusiwa, au huenda kwa kujificha. Na mgeni aliyelipa hupita katika njia ile ile akisalimiwa na askari. Nimewasikia wazee wakisema maneno makali juu ya jambo hili. Sitayaandika yote. Neno moja nitaliandika: kwamba nchini mwetu mgeni hutangulizwa kula, lakini mwenye nyumba hafukuzwi jikoni.

Sasa nije kwa wapagazi. Wenyewe hujiita wagumu, na ndivyo walivyo. Mwaka 2001, nilipomaliza shule na kabla ya kuingia kazi ya ukatekista, nilibeba mizigo mara nne. Safari ya kwanza sikuwa na viatu vya mlima, nikaazimwa viatu vya mpira. Mzigo wangu haukupimwa. Aliyeutwika kichwani pangu alisema tu, twende. Usiku wa Horombo tulilala watu tisa katika hema ya kulia chakula, tukangoja wageni wamalize chai ndipo tujinyoshe. Tuliporudi chini, mtu aliyetuajiri alitupa nusu ya tulichoahidiwa, akasema iliyobaki tuje Jumatatu. Jumatatu hakuwapo, wala wiki iliyofuata. Mwenzangu mmoja, kijana wa Mamba, alikohoa tangu siku ile mpaka Pasaka. Mgeni niliyembebea mzigo alikuwa mzee mpole sana. Alinipa soksi zake za sufu na kuniuliza jina langu, akaliandika katika kitabu chake. Hakujua habari ya malipo, nami niliona haya kumwambia.

Si mimi peke yangu niliyepata hayo. Watu wamekufa juu ya mlima ule kwa kukosa koti. Mwaka 2003 kikaanzishwa Moshi chama cha kuwasaidia wapagazi, kinachojulikana kwa herufi za Kiingereza KPAP, ambacho huazima nguo za baridi bure na kuyaangalia makampuni yanavyowatendea watu wao. Kanuni ya hifadhi ikaweka mzigo wa mpagazi usizidi kilo 20, na mizani ipo malangoni. Mambo ni afadhali kuliko siku zangu, ingawa asiye na mizani nyingine ila tumbo la watoto wake atakubali kubeba chochote. Mwaka 2019 Serikali ilipotangaza wazo la kujenga magari ya kamba yapandishe wageni mlimani, wapagazi na viongozi walifadhaika. Mtu akaniuliza: Mwalimu, wewe uliyeteswa na mizigo ile, je, hufurahi ikibebwa na kamba? Nikamjibu kwamba kamba haina karo ya kulipa.

Nimeandika mengi ya juu; nishuke sasa penye vihamba, maana huko kuna habari ninayoipenda zaidi. Mwaka 1989 mapatano ya mataifa yaliyokuwa yakishika bei ya kahawa yalivunjika, na bei ikaanguka. Wengi waliing'oa mibuni yao wakapanda nyanya na mahindi, au wakaiacha izeeke. Wakati huo huo wageni walikuwa wakipita katikati ya mashamba yale yale, katika magari yenye vioo vilivyofungwa, wakikimbilia lango la hifadhi. Wakinywa hotelini kahawa ya kopo. Hata mwanzoni mwa karne hii KNCU ikaanzisha shauri liitwalo Kahawa Shamba, kwamba mgeni aletwe kihambani kwa mkulima, alale kijijini, aonyeshwe kahawa toka mti mpaka kikombe, na fedha ibaki pale. Baadaye wengine wakafuata kwa njia zao, hata leo huko Uru, Materuni na Marangu hapakosi nyumba ipokeayo wageni wa kahawa.

Kazi yenyewe ni hii. Mgeni huchuma buni nyekundu, akizikosea kwanza na kuchuma za kijani. Humenywa kwa mashine ya mkono, hulowekwa, huoshwa, huanikwa. Na kwa kuwa mgeni hawezi kungoja siku zote hizo, hupewa zilizokauka tayari. Hutwangwa kinuni kwa wimbo, watu wakipokezana michi. Hupepetwa kwa ungo. Hukaangwa juu ya moto wa kuni tatu. Hutwangwa tena, huchemshwa, hunywewa. Wimbo ule si wa kale kama wageni wanavyoambiwa, lakini kinu ni cha kale. Kisha huonyeshwa migomba na majina ya ndizi: hii ya kupika, hii ya mbege, hii ya kuchoma; ng'ombe wa zizini na samadi yake inavyorudi shambani; na mfongo, yaani mfereji uletao maji kutoka mtoni juu.

Hapo kwenye mfongo ndipo mimi huona wageni wakinyamaza. Mifongo ya Kilimanjaro ilichimbwa na koo za Wachaga kabla ya Mzungu yeyote kufika, ikipita pembeni mwa miamba na makorongo kwa vipimo vya macho tu, na ilikuwa na wazee wake na zamu zake. Charles New na wengine waliistaajabia. Mingi imekauka sasa, kwa sababu maji yamepungua, na vijana wa kuizibua wako mjini au mlimani. Nimeona mahali pawili mfongo uliozibuliwa tena kwa fedha za wageni wa kahawa. Ni mahali pawili tu, sisemi zaidi.

Mapango nayo yamepata watu. Siku za vita kati ya Wamangi, na za mashambulio ya Wamasai, watu walichimba mahandaki chini ya vihamba, wakajificha humo na ng'ombe wao. Mtu huingia kwa kutambaa, na mlangoni mlinzi alikaa na rungu, akisikiliza kama aingiaye anajua neno la siri. Kwa miaka mingi mahandaki haya yalikuwa shimo la kutupia takataka. Sasa wenye viwanja hulipwa ili wageni waingie. Hali kadhalika maporomoko ya Kinukamori, penye hadithi ya msichana Makinuka, aliyekwenda kujitupa kwa kuwa amepata mimba kabla ya ndoa, akabadili nia, akageuka arudi nyumbani, akamkuta chui nyuma yake, akaanguka. Bibi yangu alitusimulia hadithi hiyo kwa kutuonya wasichana kwa wavulana. Siku hizi husimuliwa kwa Kiingereza, na baada yake hupigwa picha.

Mti wa Mangi Meli ni jambo jingine. Wajao pale hawaji kucheka. Baada ya kunyongwa, kichwa chake kilikatwa, na jamaa zake wanaamini kwamba kilipelekwa Ujerumani kama mafuvu mengine mengi ya watu wa nchi hii. Mwaka 2019 sanamu yake ikawekwa Old Moshi. Mwaka 2023 wataalamu wa Berlin, kwa kupima vinasaba, walitambua kwamba mafuvu matatu yaliyowekwa huko yana jamaa walio hai Tanzania; la Meli halikupatikana. Nilikwenda pale pamoja na wanafunzi wangu wa kipaimara. Walikuwapo Wajerumani wawili, mume na mke, wazee. Yule mke aliuliza kwa utaratibu kama wanaruhusiwa kukaribia mti. Mlinzi, ambaye ni mtu wa ukoo mmojawapo wa wale 19, alimtazama kitambo, akasema, karibuni. Na akawaletea viti.

Theluji aliyoiita Bwana Kheri baridi inakwisha. Fritz Klute alipoipima barafu ya Kibo mwaka 1912 ilikuwa imeenea sana. Mpaka mwaka 2011 asilimia 85 yake ilikuwa imetoweka. Wageni wengine husema wazi kwamba wamekuja upesi ili waione kabla haijakwisha. Vijana huniuliza kama wageni watakuja bado, mlima ukiwa mweusi. Mimi nadhani watakuja, maana mlima ni mrefu vile vile. Lakini namjua mzee mmoja wa Uru ambaye hangoji kuona. Amepanda mibuni mipya 200 aina isiyougua upesi, amejenga banda la makuti la kukaribishia, na amenunua daftari kubwa la kurasa nyingi. Kila mgeni aliyekunywa kahawa kwake huandika jina lake na nchi yake. Mwisho wa siku mzee huyo huchukua kalamu, huandika chini ya majina yao jina la mtu aliyetwanga, la aliyekaanga, na la mtoto aliyeleta maji.